Jirani wa Ukutani

Sangara aliyelazwa kwenye barafu anaonekana ametulia, lakini juu ya ngozi yake kazi haijasimama. Bakteria waliotoka naye ziwani, pamoja na wengine waliomdandia kwenye mikono ya wavuvi, mbao za mtumbwi na barafu yenyewe, wanagombania kila chembe ya chakula. Watu wa mwaloni huyajua matokeo ya ugomvi huo kwa pua: huyu wa alfajiri, huyu wa jana, huyu hafai. Mtu wa maabara ana swali la ziada: aliyeshinda ni nani, na ameshinda kwa silaha gani?

Mwaka 1990 Lone Gram, mwanamaikrobiolojia wa Denmark, na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya bakteria wa sangara wa Ziwa Victoria, samaki ambaye upande wa Kenya huitwa mbuta. Waliwachunguza samaki wabichi, kisha wakafuatilia jinsi wanavyoharibika huku wakiwatambua bakteria waliokuwemo. Kwenye joto la kawaida, walioongoza uharibifu walikuwa Aeromonas. Kwenye barafu, nafasi hiyo ilichukuliwa na Pseudomonas. Barafu, basi, haikuwa imevunja mchezo. Ilikuwa imempa ushindi mchezaji mwingine. Nimeurudia utafiti huo mara nyingi, kwa sababu naona ndani yake mbegu ya kazi yote aliyoifanya profesa huyu kwa miongo iliyofuata. Ukibadilisha mazingira kidogo tu, unabadilisha nani anatawala. Na kama ndivyo, huenda mtu akachagua mtawala.

Baadhi ya Pseudomonas waliotoka kwenye samaki walikuwa na tabia ya kuwazuia bakteria wenzao wasikue. Silaha moja waliyoitumia ilikuwa kuwanyang'anya chuma, madini ambayo karibu kila kiumbe hai anayahitaji na ambayo majini hupatikana kwa shida. Mmoja wao alipewa jina la kidaftari tu, AH2. Alitoka kwenye sangara aliyehifadhiwa katika barafu. Gram akajiuliza: kiumbe anayewazuia waharibifu wa samaki aliyekufa, je, anaweza kumlinda samaki aliye hai?

Jibu la kwanza lilitoka mwaka 1999. Trauti waliambukizwa Vibrio anguillarum, bakteria wa ukoo mmoja na yule wa kipindupindu, anayesumbua samaki wa kufugwa katika nchi nyingi. Jina lake la pili limetokana na mkunga, kwa sababu ndiye samaki aliyekuwa anakufa walipomtambua kwa mara ya kwanza. Samaki wakishambuliwa naye huvuja damu chini ya ngozi, hutoka vidonda, na hufa wengi kwa siku chache. Trauti waliowekewa AH2 kwenye maji walikufa wachache kuliko wasiowekewa. Kiumbe wa sangara amemtetea samaki wa mito ya baridi. Mtu mwenye haraka angetengeneza kopo, akabandika lebo na kwenda sokoni.

Gram na wenzake walifanya jaribio jingine. Walimchukua AH2 huyo huyo, wakampambanisha na Aeromonas salmonicida, bakteria anayewatoa samoni majipu. Kwenye kisahani cha maabara AH2 alimzuia adui vizuri kabisa. Kwenye samoni wenyewe hakufua dafu. Mwaka 2001 waliyachapisha matokeo hayo, na hawakuyaficha kwenye aya ya mwisho: kichwa cha makala yenyewe kilitamka kwamba uwezo ulioonekana kisahanini haukuwapa samoni kinga. Kwangu mimi ukurasa huo una thamani kuliko kurasa nyingi za ushindi. Kuna watafiti wangapi wanaoweza kulipa kosa la matumaini yao kichwa cha habari?

Ngoja nikieleze kisahani chenyewe, maana ndicho jembe la kazi hii. Ndani yake kuna agari, jeli inayotengenezwa kutokana na mwani mwekundu, kundi lile lile la mwani unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani, ingawa aina si moja. Agari haikuingia maabara kwa mlango wa wasomi. Mwaka 1881 Fanny Hesse, mke wa mtafiti aliyefanya kazi na Robert Koch huko Ujerumani, alimwona mume wake akihangaika na jeli ya kawaida iliyoyeyuka kwa joto la kiangazi. Yeye alikuwa akipika vitamutamu kwa agari, jambo alilojifunza kwa jirani aliyewahi kuishi Java, na vyake havikuyeyuka. Alisema, wakajaribu, na hadi leo kila maabara ya bakteria duniani inategemea ujuzi huo wa jikoni.

Sasa mtafiti anaiyeyusha agari, anaiacha ipoe hadi joto ambalo mkono unaweza kulivumilia, anachanganya ndani yake vibrio hai, kisha anaimimina igande. Juu yake anapandikiza makoloni ya bakteria aliowakusanya, kila koloni kama doa la wino. Ili kusafirisha makoloni mengi kwa pamoja, hutumiwa mbinu waliyoichapisha Esther na Joshua Lederberg wa Marekani mwaka 1952: kipande cha mahameli safi kinabanwa juu ya kisahani kimoja, kinanyanyuliwa, kisha kinabanwa juu ya kingine kama muhuri. Nyuzi ndogondogo za kitambaa hubeba bakteria na kuwashusha katika mpangilio ule ule. Halafu ni kusubiri. Kesho yake agari imeingia ukungu, kwa sababu vibrio wamekua ndani yake kila mahali. Ila pembeni ya doa moja, labda mawili kati ya mengi, kuna duara angavu. Hapo vibrio hawakuthubutu.

Duara hilo linapendeza, na ndiyo hatari yake. AH2 alikuwa na duara zuri mbele ya bakteria wa majipu, na samoni wakafa. Kwenye kisahani chakula ni kingi, joto ni moja, adui hana pa kukimbilia. Samaki ana kamasi, matamvua, utumbo, damu na mfumo wake wa kinga, maji yanapita, wapo bakteria wengine mamia ambao hukuwaalika. Fundi wa kazi hii anajua kwamba duara angavu ni ruhusa ya kuanza kuuliza.

Na aulize wapi? Hapa lazima niseme neno juu ya Norway, kwa sababu kuna msomaji atakayeuliza kwa nini tusichanje tu. Mwaka 1987 wafugaji wa samoni wa Norway walitumia karibu tani 50 za viuavijasumu. Kisha chanjo zikaboreshwa, samaki wakachomwa sindano mmoja mmoja, na matumizi hayo yakaporomoka. Siku hizi nchi hiyo inazalisha zaidi ya tani milioni moja za samoni kwa mwaka kwa kutumia chini ya tani moja ya dawa hizo. Ni moja ya kazi bora zilizowahi kufanywa katika ufugaji wa mnyama yeyote. Lakini kichanga cha samaki wa baharini kikitoka kwenye yai kina urefu wa milimita chache. Huwezi kukidunga sindano, na hata ungeweza, mwili wake bado haujajifunza kuikumbuka chanjo. Kinaanza kunywa maji ya tangi kabla hakijajua kula. Kila kilichomo ndani ya maji hayo kinaingia tumboni mwake.

Baya zaidi, kinalishwa viumbe hai. Chakula chake cha kwanza ni rotifa, mdudu wa majini asiyeonekana vizuri kwa jicho, na baadaye artemia, ambao ni kama kamba wadogo mno. Matangi ya kuzalishia rotifa yamejaa mabaki ya chakula na kinyesi, mazingira ambayo vibrio wanayapenda kuliko yote. Kwa hiyo mfugaji anaubeba ugonjwa kwenye ndoo ya chakula. Mtu atasema, basi tuyasafishe maji yawe hayana kitu. Olav Vadstein na wenzake wa Trondheim walionyesha kwa nini ushauri huo una kasoro: ukiwaua bakteria wote, umeacha shamba tupu, na wa kwanza kurudi kwenye shamba tupu ni wale wanaozaliana haraka. Vibrio ni wa haraka. Maji yaliyokomaa, yenye wakazi wengi wapole wanaokua taratibu, humlinda kichanga kuliko maji yaliyouliwa jana.

Wafugaji wa ng'ombe wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Anayegandisha mtindi kwenye kibuyu hawezi kuyaweka maziwa bila bakteria, wala hajaribu. Anawapa nafasi wale wanaofaa, wao wanayachachusha maziwa, na waharibifu wanakosa pa kukaa. Waswahili husema dawa ya moto ni moto, lakini mtindi unanifanya niamini kwamba picha sahihi zaidi ni ya jirani: nyumba yenye jirani mwema haivunjwi kirahisi.

Jirani huyo alipatikana Hispania. Katika kituo kinachozalisha vifaranga vya turboti, samaki bapa anayefanana na gayogayo wetu wa pwani, Mette Hjelm, Gram na wenzao walikusanya bakteria kutoka kwenye maji, chakula, vichanga na kuta za matangi. Walipitisha maelfu ya makoloni kwenye visahani vya vibrio. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2004, yana mchoro ninaoupenda sana kichwani mwangu: vibrio walitoka hasa kwenye chakula hai, ilhali wapinzani wao wakubwa, bakteria wa kundi la Roseobacter, walitoka hasa kwenye kuta za matangi. Yaani ule utando unaoteleza, ambao mfanyakazi huusugua kwa brashi akidhani anaondoa uchafu, ndimo alimokuwa akiishi mlinzi. Hakuletwa kutoka msitu wa mbali. Alikuwa ndani ya nyumba siku zote.

Mmoja wao aliitwa 27-4. Watafiti wa Vigo, wakishirikiana na Wadenmaki, waliwalisha rotifa bakteria huyo, kisha wakawalisha rotifa kwa vichanga vya turboti vilivyokuwa vimeambukizwa vibrio. Vifo vilipungua. Mlinzi alisafiri ndani ya ndoo ile ile iliyokuwa ikileta ugonjwa.

Lakini sehemu inayonifanya nivue kofia ni ile ya chupa iliyotulia. Katika maabara bakteria wa kimiminika hukuzwa mara nyingi kwenye mashine inayotikisa chupa usiku kucha ili hewa iingie. Ni mazoea, hakuna anayejiuliza. Jesper Bruhn na Gram waliona kwamba 27-4 akitikiswa anakua, ila hatoi silaha yake. Akiachwa kwenye chupa iliyotulia, anajikusanya juu ya maji na kutengeneza utando mzito, seli zikiungana ncha kwa ncha hadi zinafanana na ua lililochanua. Kimiminika kinageuka rangi ya hudhurungi, na hapo ndipo sumu dhidi ya vibrio inapojaa. Kiumbe wa ukutani anahitaji kuhisi ana ukuta. Ni rahisi kuyasoma haya leo na kusema yalikuwa dhahiri. Aliyeyaona alilazimika kuacha mazoea ya kila siku, kuweka chupa mbili pembeni, moja inayotikiswa na moja iliyotulia, na kuamini macho yake mbele ya rangi ya maji.

Sumu hiyo inaitwa asidi ya tropodithieti, kwa kifupi TDA. Ni molekuli ndogo yenye pete ya kaboni saba na atomi mbili za salfa, na ikikutana na chuma hutoa ile rangi ya hudhurungi. Huvuruga tofauti ya protoni iliyopo kati ya ndani na nje ya utando wa seli, chanzo cha nishati ambacho bakteria hawezi kuishi bila hicho. Yeyote anayefikiria kuweka kiuavijasumu kingine kwenye maji ana wajibu wa kuuliza habari za usugu, na timu ya Gram ilijiuliza mapema. Waliwalea bakteria mbele ya TDA kwa mamia ya vizazi, wakiwatafutia kwa makusudi njia ya kuizoea. Uliojitokeza ulikuwa ustahimilivu mdogo tu, nao ukapotea TDA ilipoondolewa. Mwaka 2011 waliandika kwamba usugu dhidi yake ni mgumu kuuzalisha. Hawakusema hauwezekani.

Na je, kweli ni TDA inayofanya kazi, au ni kwamba bakteria yeyote mpole angejaza nafasi? Kujibu hilo ilibidi wamtengeneze Phaeobacter, ndugu wa 27-4, aliyenyang'anywa uwezo wa kutengeneza TDA lakini akabaki yule yule kwa mengine. Paul D'Alvise na wenzake waliwajaribu wote wawili, mwenye silaha na asiye nayo, katika matangi ya mwani mdogo na ya rotifa. Phaeobacter alifikia milioni 10 kwa kila mililita bila kuudhuru mwani wala rotifa. Mwenye TDA aliwapunguza vibrio. Asiye nayo hakuwapunguza.

Kisha wakaenda kwenye vichanga vya chewa wa bahari ya baridi. Kila kichanga kiliwekwa peke yake kwenye kitundu chake cha sahani ya maabara, kimoja kimoja, ili kifo cha mmoja kisiwachafulie maji wenzake na kuvuruga hesabu. Fikiria mikono inayomhamisha kiumbe laini kama uzi wa utando wa buibui, mara mamia, bila kumvunja. Vichanga visivyoambukizwa vilikufa asilimia 40, kwa sababu maisha ya kichanga cha chewa ni magumu hata bila adui. Vilivyoambukizwa vibrio vilikufa vyote. Vilivyoambukizwa vikiwa na Phaeobacter vilikufa asilimia 10, pungufu hata ya visivyoguswa na ugonjwa. Na yule asiye na TDA? Alisaidia katika baadhi ya sahani, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa hiyo makala ya mwaka 2012 haikutamka kwamba TDA ndiyo sababu; ilisema huenda inachangia. Takwimu za asilimia 100 na 10 zingemfanya mtu mwingine apige vigelegele. Wao walichagua neno dogo lililolingana na walichokiona.

Katikati ya miaka hiyo timu ya Gram ilipata bahati ya kuzunguka dunia kwa ajili ya maduara angavu. Meli ya jeshi la majini la Denmark, Vædderen, iliondoka Copenhagen Agosti 2006 ikiwa imebeba wanasayansi wa msafara wa Galathea 3, ikarudi Aprili 2007. Bandari hadi bandari, bahari ya joto hadi barafu ya kusini, watafiti walipangusa mwani na viumbe wa baharini, wakachota maji ya juu, wakapandikiza kwenye visahani vile vile. Walirudi na zaidi ya aina 500 za bakteria wanaoweza kuwazuia wengine.

Swali la karibuni zaidi ndilo linalonipa imani na kundi hili: mlinzi anawafanyia nini wakazi wengine wasio na hatia? Kumwaga mabilioni ya bakteria mmoja kwenye tangi si jambo dogo. Wanafunzi wa Gram wamekuwa wakisoma vinasaba vya jamii nzima za bakteria kwenye mwani na viumbe wa chakula kabla na baada ya kumwingiza Phaeobacter. Picha inayojitokeza ni kwamba jamii kwa ujumla haivurugwi sana, huku vibrio wakipungua. Ni kama askari anayemjua mwizi kwa sura.

Nimeandika haya kwa sababu ufugaji wa samaki unakua kwetu, na mazoea ya dawa yanakuja nao. Bwawa likiugua, mtu hukimbilia duka la pembejeo kununua oksitetrasaiklini, anaimwaga, na hakuna anayepima kilichobaki kwenye maji wala kwenye nyama. Wakati huo huo vituo vya kuzalisha vifaranga vinaongezeka, kuanzia sato wa kanda ya ziwa hadi mwatiko, kaa na majongoo bahari wa Beit-el-Ras, Unguja. Kila tangi la vituo hivyo lina ukuta, na kila ukuta una utando wenye wakazi wake, waliozoea joto letu, chumvi yetu na samaki wetu. AH2 alitoka kwa sangara. Hakuna sababu ya kudhani alikuwa wa mwisho.

Wewe unayesoma maikrobiolojia Morogoro, Maseno au Makerere, vifaa vya kuanzia unavyo: pamba safi, agari, bakteria aliyewaua samaki wa jirani yako, na kipande cha mahameli. Nenda kwenye kituo kilicho karibu, omba ruhusa, na uupanguse ukuta wa tangi kabla haujasuguliwa.